Nguo ya Kupewa, Rangi ya Kununua

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, karibu mwaka 1880, kwa wazazi wenye asili ya utumwa. Alikuwa akiuza vyungu. Mwaka 1911 akahamia mjini, akajifunza kuimba taarabu, na mwaka 1928 akapelekwa Bombay kurekodi santuri ambazo zilisikika pwani nzima. Wapinzani wake walitafuta neno la kumshusha. Hawakuweza kusema sauti yake ni mbaya, maana kila mtu alikuwa na masikio. Basi wakaimba kejeli kwamba alikuja mjini na kaniki. Hiyo tu. Kwa watu wa Zanzibar wa wakati ule, ilitosha kabisa.

Ni hiyo kaniki ninataka kuongea hapa. Mimi nafanya kazi na vijana wakimbizi Kansanga, na kazi yangu haihusu mitindo ya nguo hata kidogo. Lakini ukisimama asubuhi kando ya barabara ya Ggaba, wakati watu wanatoka kwenda kutafuta, unaweza kuwatambua Wakongomani wengi waliofika karibuni kabla hawajafungua mdomo. Nyeusi, kijivu, kahawia, buluu ya giza. Watu husema ni sababu ya mitumba, ile wanaita hapa mivumba: mtu anavaa anachopata. Jibu hilo halitoshi. Owino kuna rangi zote za dunia zimelala chini kwenye turubai, na sketi ya njano haizidi bei ya sketi nyeusi. Mtu anainama, anapekua, anaipita ya njano kwa mkono wake mwenyewe na kuchukua nyeusi. Nilitaka kujua mkono huo umejifunza wapi. Nikaanza kusoma, na kusoma kukanipeleka mbali, hadi Zanzibar.

Zamani, kabla kanga hazijawa kanga, vitambaa viwili vilitawala nchi hizi. Cha kwanza ni merikani, pamba isiyopaushwa, rangi yake kama uji mwepesi. Jina linasema kilikotoka. Mwaka 1833 Wamarekani walifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said, na mwaka 1837 balozi wao wa kwanza, Richard Waters wa Salem, akafika kukaa Zanzibar. Meli zilileta majora ya nguo kutoka viwanda vya Massachusetts, zikarudi na pembe za ndovu, sandarusi na karafuu. Sasa fikiri kidogo: pamba ile ililimwa na watumwa weusi kusini mwa Marekani, ikafumwa kaskazini, ikavuka bahari mbili, ikaja kuvaliwa na watumwa weusi wa Unguja. Vita vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipokausha pamba, viwanda vya Uingereza na baadaye vya Bombay vikaingia sokoni, lakini watu waliendelea kusema merikani.

Kitambaa cha pili ndicho kaniki: pamba ya bei ya chini iliyochovywa nili mpaka ikawa buluu ya giza, karibu nyeusi. Nyingi ilitoka India. Haionyeshi uchafu, haina nakshi, haisemi kitu.

Na hapa hadithi inatuingia sisi wa Kongo, kwa sababu vitambaa hivyo havikubaki pwani. Vilikuwa ndiyo pesa. Msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ulibeba majora mgongoni, na kila kitu kililipwa kwa nguo: chakula, ruhusa ya kupita, mshahara wa wapagazi. Mikono minne ni shuka moja, shuka mbili ni doti moja. Wafanyabiashara wa Tippu Tip walivuka Tanganyika na hesabu hiyo mpaka Kasongo na Nyangwe, kule Maniema, na pembe zilizotoka Maniema ndizo zililipia merikani mpya Zanzibar. Watu pia walitoka Maniema, wamefungwa. Kiswahili ninachoandika hapa kilifika kwetu kwa njia ileile, pamoja na hayo majora. Sipendi sana kulifikiria jambo hilo, lakini ndivyo lilivyo.

Rudi Unguja. Mtumwa hakuchagua nguo. Alipewa, na mara nyingi alipewa kidogo. Mwanamume alifunga kipande cha merikani kiunoni. Mwanamke alifunga kaniki chini ya makwapa, mabega wazi, kichwa wazi. Kanzu, kofia, viatu, ushungi, hivyo vilikuwa vya watu huru, na mtumwa aliyejifanya kuvivaa mbele ya waungwana alikuwa anatafuta matatizo. Kwa hiyo mtu hakuhitaji kuulizwa wewe ni nani. Ulikuwa umesomwa kutoka mbali.

Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Lakini kufunga soko si kufungua watu. Ilibidi kungoja tarehe 6 Aprili 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed alipotia sahihi amri kwamba sheria haitambui tena utumwa, na hata hapo mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake. Masuria waliachwa nje ya amri mpaka 1909. (Sisi tuliosimama mistari ya kuomba karatasi tunaelewa jambo hili bila mwalimu. Uhuru wenye dirisha na foleni.)

Walipopata uhuru walifanya nini? Wengi walihamia Ng'ambo, mtaa ule ulioko upande wa pili wa mji wa mawe. Walitafuta vibarua, waliosha nguo, walibeba mizigo, waliuza vyakula. Na mwanahistoria Laura Fair, aliyeandika sana juu ya watu hawa wa Ng'ambo, anaonyesha kwamba kati ya mambo ya kwanza waliyofanya ni kuacha kaniki. Wanawake walianza kununua kanga.

Kanga ilikuwa bado kijana wakati huo. Wanasema ilizaliwa pale wanawake walipochukua leso, vile vitambaa vya mkononi vya rangi ambavyo jina lake lilitoka kwa Wareno, wakavinunua vikiwa bado vimeungana kwenye jora na kushona pamoja mpaka vikatosha kufunga mwili mzima. Ndiyo maana Mombasa mpaka leo wanasema leso. Jina kanga, watu husimulia, ni sababu ya madoadoa ya mwanzo yaliyofanana na yule ndege. Kisha wafanyabiashara wakaona faida, wakaagiza zilizochapwa kabisa kutoka nje. Mombasa duka la Kaderdina Hajee Essak, ambaye kanga zake wengi wanazijua kwa alama ya Mali ya Abdulla, lilianza mwaka 1887. Maandishi yalikuja baadaye, mwanzoni kwa herufi za Kiarabu, halafu za Kirumi.

Nyekundu, njano, machungwa, nyeusi juu ya nyeupe. Na mitindo ilibadilika kwa kasi ambayo wafanyabiashara wenyewe walilalamika: nguo iliyogombaniwa mwezi huu, mwezi ujao hakuna anayeitazama, na mwenye duka amebaki na majora yake. Wageni wa Kizungu waliwacheka wanawake hao, eti wanamaliza mshahara kwa nguo. Mimi nikisoma hapo nakasirika kidogo. Mtu aliyevishwa kaniki tangu kuzaliwa, leo ana pesa aliyoifanyia kazi, anaingia dukani kwa miguu yake, anakataa hii, anakataa ile, anaonyesha kidole ile nyekundu pale juu. Mwenye duka anapanda ngazi kumshushia. Nani mwingine aliwahi kupanda ngazi kwa ajili yake?

Lakini usifikiri hadithi ni nyepesi hivyo, kwamba giza ni utumwa na rangi ni uhuru. Miaka hiyohiyo, na hasa kuelekea miaka ya 1910 na 1920, wanawake wa Ng'ambo walianza kuvaa buibui juu ya kanga zao. Buibui ni jeusi. Ni jeusi kuliko kaniki. Na walilivaa kwa heshima kubwa, kwa sababu kujifunika kulikuwa kitu ambacho bibi zao walinyimwa. Weusi ule mmoja, kwenye mwili uleule pengine, mwaka huu unasema mtumwa na baada ya miaka ishirini unasema bibi wa heshima. Kilichobadilika si nili. Kilichobadilika ni nani aliyefungua pochi. Mimi huko ndiko nimefika na ndiko nimebaki.

Kampala nayo ina yake. Kabla wafanyabiashara wa Zanzibar hawajafika kwa Kabaka Suuna miaka ya 1840, Baganda walivaa lubugo, gome la mti wa mutuba lililopondwa mpaka likalainika, rangi yake kama udongo mwekundu wa hapa hapa. Mfalme na machifu walikuwa na lubugo la kupakwa nyeupe au nyeusi, kwa hiyo hata hapo rangi ilikuwa na cheo. Baadaye ikaja gomesi, inayobeba jina la fundi wa Kigoa, Gomes. Ukienda kwenye kwanjula leo, gomesi zinang'aa mpaka macho yanauma. Wenyeji hawaogopi rangi. Wako kwao.

Na wazee wetu wa Kongo pia walipitia yao. Mobutu, kuanzia miaka ya mwanzo ya 1970, aliwavua wanaume suti na tai akawavalisha abacost, na wanawake wakaambiwa kikwembe tu. Vijana wa Kinshasa walimjibu kwa sape. Papa Wemba na wenzake walivaa nguo za Paris na Italia kwa makusudi, rangi kwa makusudi, njaa tumboni na viatu vinawaka. Baba mmoja wa hapa Kansanga aliniambia, "Tai ilikuwa siasa, kijana." Tai ikaruhusiwa tena mwaka 1990. Yeye bado anavaa tai kila Jumapili, hata joto likiwa kali.

Sasa, siasa. Tulipokuwa tunajiandaa kwa Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni, tulipata msaada wa kuchapisha tisheti za kundi. Kazi ndogo: kuchagua rangi. Kijana mmoja akasema njano, inapendeza. Wenzake wakamrukia: njano ni ya NRM, utasema tunapiga kampeni? Nyekundu basi. Wee! Nyekundu ni ya NUP. Watu wa hapa wanakumbuka vizuri mwaka 2019, serikali ilipotangaza kofia nyekundu ya bereti kuwa vazi la jeshi, baada ya wafuasi wa Bobi Wine kuifanya alama yao, na raia anayeivaa akawa anaweza kushtakiwa. Mkimbizi ndiye wa mwisho anayetaka kujaribu sheria hiyo. Buluu? FDC. Kijani? DP. Tulizunguka saa nzima, tukicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa na mfupa ndani yake. Katika mji huu kila rangi ina mwenyewe, na mwenyewe si sisi. Tukaishia nyeupe, nembo mbele.

Yaani merikani.

Siku ilipita vizuri, hotuba zilisomwa, picha zilipigwa. Nchi hii ina wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, na siku hiyo kila mtu anataka kupiga picha na mmoja wao. Baada ya mwezi niliziona zile tisheti zikiwa vitambaa vya kupangusia meza na nguo za kulalia. Hakuna aliyezichukia. Ni nguo ya kupewa tu, mtu haigombani wala haipendi.

Ndiyo maana nina wasiwasi tunapoambiwa kwenye mafunzo tuwape vijana "furaha", tupake kuta rangi kali, tuwagawie vitu vinavyong'aa. Rangi ya kugawiwa inaweza kuwa kaniki nyingine tu. Anayesema hivi si mtu mwenye elimu kubwa, nimeishia sekondari. Lakini wale wanawake wa Ng'ambo hakuna aliyewagawia nyekundu. Waliifuata dukani.

Kuna msichana kwenye darasa letu la kushona, ana miaka 17. Jumamosi na sikukuu anasuka nywele kwenye saluni moja Kabalagala. Nguo zake nyeusi na kijivu, kama wenzake. Siku moja alikuja na kitenge cha rangi ya machungwa, yadi 3, alinunua shilingi elfu 18 baada ya kubishana sana Owino. Si machungwa ya kuiva vizuri, ni ile kali, kama moto wa jiko la makaa ukipepewa. Darasa zima lilinyamaza, halafu likapiga kelele. Alitaka gauni.

Mama yake alikuja kwangu kesho yake. Wanatoka Rutshuru, walivuka Bunagana mwaka 2012. Alinisalimia vizuri, akakaa, akaniuliza habari za nyumbani kwetu wote, kisha akasema, "Mwanangu, huyu mtoto anataka watu wamuone?"

Nilimwambia nimemwelewa, lakini nilitaka asimulie mwenyewe. Akasimulia. Usiku ule wa kukimbia alikuwa amevaa kikwembe cha njano na nyekundu, zawadi ya bwana yake. Watu waliotangulia walisema mwezi unawaka, vueni nguo za rangi. Wengine waligeuza nguo zao ndani nje. Yeye aligeuza pia, lakini cha kwake kilikuwa wax ya kweli. "Na wax ya kweli, unajua, ina rangi pande zote mbili." Alicheka aliposema hivyo. Alikivua, akakiacha chini ya mgomba, akatembea na blanketi la kahawia la watoto mpaka asubuhi. Tangu siku hiyo hanunui kitu kinachoweza kuonekana usiku.

Hapo ndipo nilipata jibu la ule mkono unaoipita sketi ya njano. Nguo ya giza ya mama huyu si aibu ya kaniki, na si heshima ya buibui. Ni akili. Ni kitu alichojifunza kwa gharama kubwa, na kilimfikisha hapa na watoto wote. Mtu asimwambie kwamba amekosa furaha, au kwamba hajapona. Na binti yake wakati huo alikuwa mdogo mgongoni, ndani ya lile blanketi. Hakujifunza jambo lile. Alichojifunza yeye ni kusuka, kuhesabu shilingi, na kubishana bei kwa Kiganda.

Sikumwambia mama akubali, sikumwambia akatae. Nilimwambia tu kitu kimoja nilichokisoma, kwamba wanawake wa Ng'ambo wengi walikuwa na mama zao nyumbani waliozeeka na kaniki. Akauliza, "Na hao wazee walisemaje?" Sikuwa na jibu, vitabu nilivyosoma haviwaulizi. Akatikisa kichwa, akaniambia nimsalimie mama yangu, akaondoka.

Gauni lilishonwa. Mikono mifupi, mfuko upande mmoja, na msichana alisimamia kila mshono kama askari. Alilivaa Jumapili kwenda kanisani. Vijana wa boda walipiga honi, kama kawaida yao, na yule mama anayeuza matooke kwenye kona, ambaye miaka miwili hajawahi kumsemesha, akamwita, "Nnyabo, onyumye!" Yaani umependeza. Akamuuliza kwao ni wapi. Msichana akasema, "Kongo." Akaendelea kutembea.

Kitambaa kilibaki kidogo, kama mkono mmoja na nusu kwa kipimo cha zamani. Fundi wetu alitaka kukitumia kwa mifuko ya mazoezi, lakini mama alituma mtoto mdogo kuja kukiomba. Sasa anakifunga kichwani akipika. Ndani tu, mlango ukiwa umefungwa.